Karakana ya watoto mtaani: namna ya kuianzisha na kuiendesha hapa Lamu

Tulipoanza tuliita "kilabu". Bibi mmoja wa mtaani kwetu Langoni akanisimamisha kichochoroni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kilabu cha nini? Cha mnazi?" Tangu siku ile tukaita karakana, na wazazi waliokuwa wakisitasita wakaanza kuleta watoto wao. Basi anza na jina. Chagua neno ambalo bibi hatalionea shaka.

Karakana ninayoizungumzia ni watoto kumi na wawili hivi, siku moja kwa wiki, muda usiozidi saa mbili, wakifungua vitu, wakikata, wakiunganisha na kuunda. Hakuna mtihani wala cheti. Vinavyoingia ni mabaki na vitu vibovu; vinavyotoka ni vyombo vidogo vya tanga, magari ya makopo, tiara za kurusha hewani, na taa.

Kabla ya kununua hata msumari

Nenda kwa maalim wa chuo cha Kurani. Mimi sikwenda. Nilichagua Jumamosi saa tatu asubuhi, nikatandika mkeka, nikapanga nyundo kwa mstari, wakaja watoto watatu. Wawili kati yao walikuwa wametoroka chuoni, na maalim alikuja mwenyewe kuwachukua. Hakunigombeza, alinitazama tu, na hilo lilitosha. Siku hizi tunakutana Jumamosi baada ya sala ya alasiri na tunafunga nusu saa kabla ya magharibi, ili kila mtoto afike nyumbani kabla ya adhana. Mtaani kwako huenda saa zikawa nyingine; la muhimu ni kuuliza saa za chuo, za masomo ya ziada, na za mechi ya mpira, kwa sababu huwezi kushindana na mpira.

Kisha zungumza na wazazi, nyumba kwa nyumba ukiweza. Waeleze wazi kwamba mtoto atashika nyundo na msumeno, na huenda akarudi na kidole kilichochubuka. Mzazi aliyeambiwa mapema hukasirika kidogo. Asiyeambiwa hukasirika sana. Chukua ruhusa ya maandishi: jina la mtoto, ugonjwa kama pumu, nani wa kupigiwa simu, nani anakuja kumchukua. Swali la picha liulize peke yake. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mimi napiga picha za mikono na kazi, nyuso naziacha.

Na jambo hili halina mjadala: wakubwa wawili au zaidi kila siku, mmoja wao mwanamke, na hakuna mtoto anayebaki faragha na mkubwa mmoja. Akitokea mmoja tu siku hiyo, karakana haifunguliwi. Nimewahi kuwarudisha watoto mlangoni kwa sababu hiyo, wakalia, na ningewarudisha tena.

Mahali

Usitafute chumba. Daka la nyumba ya zamani, yaani ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza pande mbili, linafaa kuliko darasa lolote: lina kivuli, lina pa kukaa, na kila apitaye anaona kinachoendelea ndani. Kama huna daka, ua wenye mwembe unatosha. Unachohitaji ni sakafu inayofagilika, maji karibu, na jirani anayevumilia nyundo kwa saa mbili. Jirani huyo mpelekee sahani ya kitu mara moja moja. Mahali pasiwe njia ya punda waliobeba mchanga, maana punda hasubiri mtoto amalize kupiga msumari.

Vifaa, na kwa nini usinunue vingi

Watu wengi hukwama hapa. Wanafikiri lazima wapate ufadhili, kompyuta, na yale masanduku ya roboti yanayouzwa kwa bei ya mbuzi. Nilianza na nyundo nne ndogo, misumeno miwili ya mkono, koleo tatu, bisibisi za aina mbalimbali, tupa moja, msasa, patasi mbili, mikasi sita, na keekee ya kukopa kwa fundi.

Keekee nitaisemea kidogo. Ni ile drili ya mafundi wa vyombo: uta wenye kamba iliyozungushwa kwenye mpini wa mti, ukivuta uta mbele na nyuma, ncha ya chuma inazunguka na kutoboa ubao. Kwa watoto ni bora kuliko drili ya umeme. Inakwenda polepole, mtoto anaona hasa kinachotokea, akichoka inasimama yenyewe. Isitoshe watoto huitumia wawili wawili, mmoja ashike kichwa na mwingine avute, na watoto wawili waliokuwa hawasemezani wiki nzima watalazimika kusemezana.

Mali ghafi iko kila mahali. Maseremala wana vipande vya mbao wanavyovichoma; waombe kabla havijaenda jikoni. Ufukweni kuna ndala zilizoletwa na maji, hasa pwani inayotazama bahari kuu, na ndala ni kitu cha ajabu: inaelea, inakatika kwa kisu, inashika kijiti bila gundi, na ukiikata duara unapata gurudumu. Njiti za chelewa, zile za majani ya mnazi, hufanya kazi ya mlingoti, ekseli na mbavu za tiara. Dumu la mafuta ya kupikia hukatwa vipande. Wavuvi watakupa mshipi uliokatika. Marekani, kitambaa kile cha tanga, omba mabaki yake kwa washonaji.

Gundi pika mwenyewe: unga wa ngano kikombe kimoja, maji ya baridi vikombe viwili, koroga mpaka pasiwe na madonge, kisha tia motoni ukikoroga mpaka iwe kama uji mzito. Inatosha kwa karatasi na tiara. Hailindi kitu majini, na siku ya tatu huanza kunuka, kwa hiyo pika kidogo kidogo. Ile gundi kali inayoshika papo hapo iwe kwa mkubwa peke yake; nimemuona mtoto amegandisha vidole viwili, tukatumia maji ya vuguvugu na sabuni na subira nyingi.

Vifaa vitundike ukutani kwenye ubao, na kila kifaa kichorewe umbo lake kwa rangi nyuma yake. Mtu hahitaji kuhesabu. Akitazama ubao anaona pengo la koleo.

Siku ya kwanza: kufungua

Siku ya kwanza usiwaambie waunde kitu. Mtoto asiyekujua, aliyekaa kati ya watoto asiowajua, akiambiwa "buni" ataganda. Mpe kitu kibovu na bisibisi.

Kitu kizuri kuliko vyote ni redio ya betri iliyokufa. Redio za umeme na feni nazo zinafaa, lakini wewe mwenyewe ukate waya wa plagi na kuutupa usiku wa kuamkia siku hiyo, ili asiwepo mtoto atakayejaribu kuichomeka. Televisheni za zamani za kioo kinene, mikrowevu, na chaja kubwa usizilete kabisa: ndani yake umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomolewa. Betri za simu usiruhusu zitobolewe wala kupindwa, zinashika moto. Na zile betri ndogo bapa kama kifungo cha shati, zitoe kabla watoto hawajafika na uzifungie mbali. Mtoto mdogo akimeza moja, inaweza kuchoma koo la chakula ndani ya saa mbili. Anatakiwa hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.

Katika redio wakitoa spika, mpe mmoja betri ya tochi na vipande viwili vya waya. Aguse ncha mbili za spika. Itatoa "tak", na ile karatasi ya katikati itaruka. Aguse tena: tak. Ageuze betri: safari hii karatasi inavutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Siku ile kwetu msichana wa miaka tisa alifanya hivyo labda mara hamsini, kisha akaweka punje za mchele juu ya ile karatasi zirukeruke. Sikumfundisha kitu. Mwishoni aliniuliza, "Ami, kwa hiyo muziki ni tak nyingi za haraka?" Nikamwambia ndiyo, na kwa kweli sina jibu bora kuliko hilo.

Wiki za pili mpaka ya nne: chombo cha ndala

Hapa Lamu hakuna mtoto asiyejua chombo ni nini, kwa hiyo kazi hii haihitaji utangulizi. Kila mtoto apate ndala moja kubwa au mbili za kubandika juu kwa juu, zilizooshwa kwa sabuni.

Kwanza achonge omo, ncha ya mbele ya chombo. Chora kwa kalamu, kata kwa kisu kifupi juu ya ubao, mkono usioshika kisu ukae nyuma ya makali. Walio chini ya miaka kumi wakate kwa mkasi na mkubwa akiwa pembeni. Kisha mlingoti: njiti tatu za chelewa zilizofungwa pamoja kwa mshipi, usiozidi urefu wa ndala yenyewe. Foromali, mti unaobeba tanga, iwe ndefu kidogo kuliko mlingoti na ifungwe kwa mshazari, kama unavyoona kwenye jahazi. Tanga la marekani la pembe tatu. Chini, pasua ndala kwa urefu katikati, upachike kipande cha dumu kisimame kama mkuku, ule uti wa chini ya chombo. Usukani nyuma.

Sasa weka beseni la maji, na wewe kaa mbali nalo.

Vyombo vya kwanza vyote hupinduka. Hili ulijue mapema ili usiingiwe na huruma. Kulikuwa na kijana wa miaka kumi, mtoto wa mvuvi, aliyetengeneza tanga kubwa kuliko la mwingine yeyote. Akakiweka majini, akapuliza, kikalala ubavu. Akakiinua, akapuliza, kikalala. "Ami, chapinduka tena!" Mkono wangu ulikuwa tayari umeanza kwenda, nilijua dawa yake na ilikuwa sekunde tatu kuitaja. Nikaurudisha mgongoni nikaushika kwa mwenzake. Nikamuuliza, "Chombo cha babako kikitoka bila samaki, huwekwa nini ndani?" Akanyamaza. Akaenda zake. Nikadhani amekata tamaa. Alirudi na kokoto mfukoni, akazipanga juu ya ndala, kikapinduka na kokoto zikazama. Akazitoa, akakaa akizitazama. Halafu akaomba msumari mnene, akaufunga kwa mshipi chini kabisa ya mkuku. Akapuliza: chombo kikainama, kikatetemeka, kikasimama.

"Farumi," akasema, kama mtu anayemwambia mwenzake habari ya kawaida. Neno alikuwa nalo siku zote, jina la uzito unaowekwa chomboni kisipinduke. Siku ile alipata maana yake, na alipata pia kitu ambacho nisingeweza kumweleza, kwamba uzito ukiwa juu huangusha na ukiwa chini husimamisha.

Anayemaliza mapema mpe tatizo jipya: je, chombo chako kinaweza kwenda mshazari wa upepo? Hapo ndipo wataondoa mkuku na kuona chombo kikisukumwa upande kama jani, kisha waurudishe na kuona tofauti.

Mikono nyuma

Kazi ngumu kuliko zote katika karakana ni ya mkubwa: kutogusa. Wazazi tuliosomesha watoto tangu mtaala wa umilisi ulipoanza tunajijua. Mwalimu ameagiza mtoto alete kitu alichotengeneza, na saa nne usiku baba ndiye anayekata maboksi huku mwenye kazi amelala fofofo. Karakanani tabia hiyo ife. Kanuni yetu kwa wakubwa ni kwamba hugusi kazi ya mtoto bila kuombwa, na ukiombwa unaonyesha kwenye kipande kingine, si kwenye cha kwake.

Badala ya mikono tumia maswali, tena machache. "Umejaribu nini?" "Kimevunjikia wapi?" "Nani hapa ameshavuka hapo?" Hili la mwisho ndilo bora, kwa sababu linampeleka kwa mtoto mwenzake na wewe unapata kunywa chai. Usiseme "kizuri sana" kwa kila kitu; watoto hugundua haraka kwamba huangalii. Sema unachokiona: umefunga fundo mara mbili, tanga lako limepinda hapa.

Atakayeharibu kazi ya mwenzake kwa makusudi akae kwenye baraza mpaka siku hiyo iishe. Anayeharibu ya kwake mwenyewe kwa hasira mwache, mpe fagio tu.

Umeme mdogo

Wiki ya tano hivi, wakishazoea vifaa, leta mota za magari ya kuchezea yaliyoharibika. Betri mbili za tochi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine hutoa volti 3, hazimdhuru mtu, na mota hiyo itazunguka. Chomeka kipande cha ndala kwenye mhimili wake kisikae katikati, ifunge mota juu ya brashi ya kufulia, na brashi itaanza kutembea yenyewe sakafuni ikitetemeka kama kaa. Watoto watacheka mpaka jirani aje kuuliza. Waache waishindanishe.

Taa ndogo za LED ni rahisi, ila mguu mrefu uende upande wa chanya. Nyeupe inataka takriban volti 3, kwa hiyo betri mbili zinaitosha. Nyekundu inataka kama volti 2 tu. Ukiipa 3 moja kwa moja bila rezista, kile kijipande kinachopunguza umeme, unaweza kuiunguza. Waya tunasokota na kuzungushia utepe wa gundi, hatuchomelei kwa risasi, maana mvuke ule sipendi uingie kwenye mapafu ya watoto. Karakana yetu haina kitu chochote cha kuchomeka ukutani, na hatujakikosa.

Wasichana, na swali la tanga

Wiki za mwanzo niliona wasichana wote wamejikuta wanashona matanga na wavulana wote wameshika misumeno. Hakuna aliyepanga hivyo, ndivyo mikono ilivyojipeleka. Kuhubiri hakukusaidia. Kilichosaidia ni kanuni kwamba kila mtoto anaunda chombo kizima, tangu mkuku hadi tanga, na hakuna kugawana kazi mpaka amekimaliza cha kwanza. Wavulana ndio waliolalamika, kwa sababu kutia uzi kwenye sindano ni kugumu kuliko walivyodhani. Akina mama wawili walijitolea kusimamia patasi, na tangu hapo lile swali halijarudi.

Kumleta fundi

Mara moja kwa muhula alika fundi wa kweli. Wa majahazi wapo mjini na kule Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa. Wasukaji wa ukili, mafundi redio, wachonga milango, wote wanafaa. Mwambie asije kutoa hotuba. Aje na kazi yake ya siku hiyo, aketi, aifanye, watoto wamzunguke. Ndivyo yeye mwenyewe alivyojifunza. Na umlipe, hata kama ni kidogo. Fundi anaacha riziki yake kuja kwako, na shukrani hainunui samaki.

Watoto wakiuliza kama ndala inaweza kuwa chombo cha kweli, wasimulie habari ya chombo kiitwacho FlipFlopi. Kiliundwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, fundi Ali Skanda akiongoza uundaji, kina urefu wa mita 9 hivi na ubavu wake umefunikwa kwa vipande vya ndala za rangi zote. Kilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 kikaenda kwa tanga mpaka Zanzibar, safari ya karibu kilomita 500. Mmoja wa watoto wetu alitafakari, akauliza farumi yake ilikuwa nini.

Siku ya mashindano

Msimu ukiisha, pelekeni vyombo baharini. Usipange tarehe kwa kalenda ya ukutani, ipange kwa maji. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo Jumamosi hii yakijaa saa kumi jioni, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yametoka na mtakuta matope. Tafuta siku ambayo yanajaa taratibu, mahali pa kina cha magoti, mbali na maboti ya injini. Wakati wa kusi upepo ni mkali kwa vyombo vya ndala. Shindanieni pahali penye kinga, au mrushe tiara siku hiyo.

Weka wakubwa wawili ndani ya maji upande wa chini ya upepo, na mvuvi mmoja mwenye mtumbwi nje yao. Hesabu vyombo kwa sauti kabla havijaachiwa, na uandike idadi mkononi kwa kalamu. Zawadi toa kwa kilichofika kwanza, kwa kilichopinduka mara nyingi na bado kikafika, na kwa tanga lililoshonwa vizuri. Halafu hesabu tena. Vikitoka kumi na vinne, virudi kumi na vinne, hata kama ni kumtuma yule wa mtumbwi mpaka karibu na kisiwa cha Manda kufuata kimoja chekundu kilichokataa kugeuka. Ndala zile tuliziokota ufukweni, hatuzirudishi.